Kioo cha Ndege ya Kivita Kinapimwa kwa Jicho la Nani?

Kila nikiposti video ya ndege za kivita, komenti hugawanyika kambi mbili kabla hata chai haijapoa. Kambi ya kwanza: "F-35 ni kipofu, rubani haoni nyuma, hizo ni pesa zimetupwa." Kambi ya pili: "Nani bado anaangalia dirishani? Siku hizi ni rada na makombora, nyinyi mmekwama kwa sinema." Wiki jana walirushiana maneno chini ya video yangu karibu usiku mzima, na katikati ya hiyo vita jamaa mmoja akaandika, "Yaani tunafunzwa ndege na msichana aliyeacha chuo?" Wueh. Hiyo komenti ilipendwa kuliko video yenyewe.

Sawa. Niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo si siri, karo iliisha na hamu ikaisha nayo. Lakini hili swali la nani anaona nini ndani ya ndege ya kivita nimekaa nalo tangu nikiwa mtoto, na naona kambi zote mbili zinaruka kitu. Zote zinauliza ndege inaona kiasi gani. Hakuna anayeuliza ni macho ya nani yanayoangalia.

Mimi nimelelewa Nanyuki. Watu wa huko mnajua: mko darasani, mwalimu anaandika ubaoni, ghafla anga inapasuka na somo linasimama lenyewe. Hizo ni F-5 za jeshi letu, kutoka kambi ya Laikipia. Kenya ilianza kuzipata mwaka 1978. Na hata kama hujawahi kufika Nanyuki umeziona F-5, kwa sababu zile ndege nyeusi za adui kwenye sinema ya Top Gun ya 1986, zile walizoziita MiG-28, zilikuwa F-5 za Wamarekani zilizopakwa rangi. Wenzangu walikuwa wanaziba masikio. Mimi nilikuwa naangalia kile kioo kidogo hapo juu, nikijiuliza huyo mtu ndani anaona nini. Anaona shule yetu? Ananiona mimi?

Tuanze na kwa nini hii kitu ni muhimu. Marubani hugawa anga kama uso wa saa. Pua ya ndege iko kwenye 12, mkia uko kwenye 6. Kwa Kiingereza, adui akiwa kwenye 6 yuko nyuma yako kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Sasa wewe Mswahili, mshale ukiwa kwenye 6 unasema saa kumi na mbili. Saa sita kwako ni mshale ukiwa juu, kwenye 12. Mtu akikutafsiria vibaya kwamba adui yuko saa sita, utaangalia mbele ukitabasamu, na hilo litakuwa tabasamu lako la mwisho.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani wengi waliodunguliwa hawakumwona aliyewapiga. Ndege nyingi za mwanzo wa vita zilikuwa na mgongo ulioinuka nyuma ya kichwa cha rubani, na kioo kilichojaa fremu za chuma. Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani ilikuwa hivyo, kama kuchungulia nje kupitia dirisha la ploti lenye grili. Waingereza wakaweka kioo kilichovimba juu ya Spitfire ili rubani apate nafasi ya kusogeza kichwa na kuangalia nyuma. Wamarekani wakaenda mbali zaidi. P-51D ilipoingia vitani mwaka 1944, ule mgongo wa nyuma ulikuwa umekatwa wote, na juu kumewekwa kuba safi la kioo.

Lakini ule mgongo haukuwa pambo. Ulikuwa unasaidia ndege kwenda moja kwa moja bila kuyumba. Walipoukata, ndege ikapoteza utulivu kiasi, ikabidi baadaye waongeze kipande mbele ya bawa la wima la mkia. Weka hiyo akilini, kwa sababu itarudi tena na tena: kila dirisha kwenye ndege lina bili, na kuna mtu anailipa mahali.

Vita vya Korea vilifunza somo lile lile. MiG-15 ilipanda haraka kuliko F-86 ya Marekani na kufika juu zaidi. Kwenye karatasi hiyo ni ndege nzuri. Ila rubani wa F-86 alikaa juu, ndani ya kuba kubwa, akiona pande zote, na usukani wake ulisukumwa na haidroliki badala ya misuli yake. John Boyd, aliyerusha F-86 mwishoni mwa vita hiyo, alitumia miaka mingi baadaye akijenga hoja yake kwamba anayeona mapema na kubadilika mapema ndiye hushinda. Nimesoma kuhusu huyo mzee kuliko nilivyosoma kitu chochote nilipokuwa chuoni, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Halafu watu wakasahau. Hii ndiyo sehemu huniudhi. F-4 Phantom ilibuniwa wakati wakubwa walikuwa wanaamini makombora yamemaliza mambo ya kukimbizana angani. Matoleo ya kwanza hayakuwa hata na bunduki ndani ya ndege. Rubani alikaa chini, mwili wa ndege ukimziba nyuma, na injini zilitoa moshi mweusi ambao adui aliuona kutoka mbali sana. Fikiria: yeye anakuona, wewe humwoni. Walifika Vietnam na hiyo ndege, wakakutana na MiG ndogo ndogo ambazo kuziona tu ilikuwa kazi. Haki ni haki, rubani wa MiG-21 naye hakuona nyuma vizuri. Lakini ndege yake ilikuwa kisu, ya Mmarekani ilikuwa kabati. Uzuri wa Phantom ni kwamba ilikuwa na mtu wa pili ameketi nyuma ya rubani, yaani jozi ya pili ya macho.

Baada ya hapo ndipo tukapata ile ndege ambayo mpaka leo ikipita kwenye simu yangu naacha kila kitu. F-16 iliruka mara ya kwanza mwaka 1974. Angalia picha yake sasa hivi. Mbele ya rubani hakuna fremu yoyote, ni kuba moja linaloteleza kutoka puani hadi nyuma ya kichwa chake. Kiti kimelazwa nyuzi 30, na usukani uko upande wa kulia badala ya katikati ya miguu. Rubani anaona mzunguko mzima, anaona nyuzi 15 chini mbele ya pua na nyuzi 40 chini ubavuni. Marubani husema mara ya kwanza wanahisi kama hawako ndani ya ndege, wamekalia juu yake. Na hicho tunachokiita kioo si kioo, ni plastiki ngumu ya polikaboneti, kwa sababu ukiondoa fremu ya mbele lazima kitu chenyewe kiweze kugongwa na ndege mwenye manyoya kwa kasi ya kutisha bila kumwingilia rubani usoni.

Ukitaka mchezo mdogo, linganisha Rafale ya Ufaransa na Typhoon ya Ulaya. Zote zina mabawa madogo ya mbele. Ya Rafale yako nyuma ya rubani. Ya Typhoon yako mbele kidogo na chini yake, kwa hivyo akiangalia chini anakuta bawa. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za hesabu ya hewa. Bili tu, nimekwambia.

Sasa F-35, maana najua ndiyo mmekuja kusoma.

Kambi ya kwanza haijatunga uongo. F-35 ina mwili mnene nyuma ya rubani. Toleo la F-35B linaloweza kutua wima lina feni kubwa hapo hapo nyuma ya kiti, na matoleo matatu yalibuniwa kama familia moja. Mwaka 2013 ofisi ya majaribio ya silaha ya Marekani iliripoti kwamba marubani waliokuwa wakijifunza ndege hiyo walilalamika kuhusu kuona nyuma. Mwaka 2015 ripoti nyingine ikavuja, ya rubani aliyepigana mazoezi na F-16, akisema helmeti yake ilikuwa kubwa kwa nafasi iliyokuwa chini ya kuba, hawezi kugeuza kichwa vizuri kuangalia nyuma. Watu wa mradi wakajibu kwamba ile ndege ya majaribio haikuwa na vifaa vyote vya ndege kamili, na kwamba F-35 imejengwa kumpiga adui kabla hajaiona.

Na kambi ya pili pia ina pointi. Kwenye ndege ya kujificha, hata lile kuba lina kazi mbili. Linatakiwa kuingiza mwanga na kuzuia rada, kwa sababu mawimbi ya rada yakiingia ndani yanagonga kiti, helmeti na vyuma vyote, halafu yanarudi kwa adui na habari zako. Ndiyo maana yanapakwa tabaka jembamba sana la metali, na ukiyaona juani yana rangi kama ya dhahabu au moshi. Kisha kuna kamera sita za kuona joto zilizotapakaa mwilini mwa F-35. Picha zake zinaletwa moja kwa moja kwenye helmeti. Rubani akiinamisha kichwa kuangalia magoti yake, anaona ardhi iliyo chini ya ndege, kama vile sakafu haipo. Kile kioo cha taarifa ambacho ndege nyingine zimeweka mbele ya rubani kwa miaka, F-35 haina. Taarifa zote ziko usoni mwake.

Kwa hivyo dirisha halijaondolewa, limehamishwa. Limetoka kwenye mwili wa ndege likapelekwa kichwani kwa mtu. Helmeti moja ni karibu dola 400,000, zaidi ya shilingi milioni 50, na inatengenezwa kwa kipimo cha kichwa chako wewe. Ile ya mwanzo ilikuwa na shida, usiku ilitoa mng'aro wa kijani uliowasumbua marubani wakitafuta meli ya kutua gizani. Sisi ambao tunaishi kwa skrini tunajua hiyo hali, umeongeza mwangaza wa simu ili uone vizuri na sasa huoni chumba.

Na sasa nifike kwa bili ya hili dirisha jipya, kwa sababu ndiyo hainitoki kichwani.

Mei 2015, Christina Mau akawa mwanamke wa kwanza kurusha F-35. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, jeshi la Marekani likapiga marufuku rubani yeyote mwenye uzito chini ya pauni 136 kurusha hiyo ndege. Hiyo ni kama kilo 62. Sababu ilikuwa shingo. Ukijirusha kutoka ndegeni, kiti kinakutoa kwa nguvu ya mlipuko, halafu mwavuli unafunguka na kukuvuta ghafla, na wakati wote huo una helmeti nzito kichwani. Kwa mtu mwepesi, majaribio ya sanamu yalionyesha hatari kubwa ya kuumia shingo. Helmeti ile iliyobeba dirisha ndiyo ilikuwa sehemu ya tatizo. Ndege yenyewe iliandikiwa tangu mwanzo kwamba itabeba watu kuanzia pauni 103.

Mimi nina kilo 54.

Waliitatua, lazima niseme. Helmeti ikapunguzwa uzito, kiti kikaongezewa swichi ya watu wepesi inayochelewesha mwavuli kidogo, na pakashonwa kitambaa cha kushika kichwa kisirushwe nyuma. Mwaka 2017 marufuku ikaondolewa. Lakini elewa mpangilio wa mambo: kwanza ndege ilijengwa, kisha ikaruka, kisha mtu akagundua kuna shingo ambazo hazikufikiriwa vya kutosha.

Na hii inarudi nyuma sana. Wabunifu wakichora chumba cha rubani huanza na nukta moja hewani, mahali ambapo jicho la rubani linatakiwa kuwa. Kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Zile nyuzi 15 za F-16 mbele ya pua, ni nyuzi 15 kwa mtu ambaye jicho lake liko kwenye ile nukta. Jicho likiwa chini yake, pua inakula anga yako. Kwa hivyo mkibishana kwenye komenti kwamba ndege fulani inaona hivi na vile, mnabishana kuhusu jicho la mtu ambaye hamjamuuliza jina.

Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima marubani 4,063 ili kupata vipimo vya rubani wa wastani. Luteni kijana aitwaye Gilbert Daniels akachukua vipimo kumi muhimu na kuuliza ni wangapi kati yao wako karibu na wastani kwa vyote kumi. Jibu lilikuwa sufuri. Hakuna hata mmoja. Hapo ndipo jeshi likaanza kudai viti vinavyosogea, pedali zinazosogea, mikanda inayorekebishwa. Nikisoma hiyo stori nafurahi kila mara, mpaka nakumbuka kwamba wote 4,063 walikuwa wanaume waliokuwa tayari wamechaguliwa kutoshea. Na vipimo vilivyotumika kwa miaka mingi baadaye vilitoka kwa marubani wanaume waliopimwa mwaka 1967. Nyanya yangu alikuwa msichana wakati huo.

Mwaka juzi nilipata pesa ya tangazo moja, nikaamua badala ya kununua simu nitaenda Wilson nilipie safari ya kuonja, ile ya kukaa na mwalimu kwa ndege ndogo na kushika usukani kidogo. Cessna 172, si ndege ya kivita, lakini mimi nilikuwa natetemeka kama naenda vitani. Nikapanda, nikafunga mkanda, nikaangalia mbele. Nikaona vipimo. Vipimo tu, na juu yake kipande chembamba cha mawingu. Nina sentimita 157.

Mwalimu hakushangaa. Alisema, "Ngoja kidogo, madam," akanyosha mkono nyuma na kutoa mto. Mto wa kawaida wa kochi, umechakaa, umekaliwa na watu wengi. Nikakaa juu yake na Ngong zikatokea mbele yangu. Lakini sasa miguu yangu haikufika vizuri kwenye pedali. Tukavuta kiti mbele, usukani ukanikaribia tumboni. Tukarudisha nyuma kidogo. Dakika kama kumi tunatafuta mahali ambapo naona na bado nafika, na hapo injini bado haijawashwa. Mwisho tukapata, na mto wa pili nyuma ya mgongo. Niliruka dakika 30. Sitaandika ilivyokuwa kwa sababu nitalia, lakini niliona kila kitu.

Ndiyo maana nikisikia "mtu mfupi aongeze tu kiti" nacheka. Ukiinua macho unainua na miguu. Kwenye Cessna unaweza kucheza na mito. Kwenye ndege ya kivita kiti ni roketi, huwezi kukalia mto juu ya roketi. Kiti kikirushwa, huo mto unabonyea kwanza halafu kiti kinakuja kukupiga uti wa mgongo.

Mei 2020 jeshi la anga la Marekani liliondoa sharti lake la mwanzo la urefu. Kabla ya hapo ulitakiwa kuwa kati ya futi 5 na inchi 4 na futi 6 na inchi 5, la sivyo uombe ruhusa maalum. Wao wenyewe walisema sharti hilo liliwafungia nje karibu asilimia 44 ya wanawake wa Marekani wa miaka 20 hadi 29. Baadaye mwaka huo wakaagiza ndege mpya zibuniwe kwa vipimo vya watu wa sasa wanaoweza kuandikishwa, wanawake wakiwemo. Sasa unapimwa mwili wako dhidi ya ndege moja moja, kwa sababu zile za zamani bado zinaruka na vyumba vyake havijabadilika. Huenda ukakubaliwa kwenye moja na kukataliwa kwenye nyingine. F-16 ninayoipenda ilibuniwa miaka ya sabini, na ile nukta yake ya jicho iko pale pale ilipowekwa.

Kwa hivyo jibu langu kwa kambi zote mbili ni hili. F-35 inaona nyuma, ila kupitia kamera, na kama unaweza kubeba hiyo kamera shingoni. F-16 inaona vizuri kuliko nyingi, kama umeketi pale walipotarajia utaketi. Mkitaka kuendelea kubishana, endeleeni, lakini mtaje na urefu wenu.

Na wewe uliyeuliza kuhusu msichana aliyeacha chuo, video ya wiki ijayo ni viti vya kujirusha, karibu. Wale wafupi wenzangu mnaoendesha matatu, malori, au mko shule ya udereva, niandikieni hapa chini: mnakalia nini? Kuna mmoja ameniambia anatumia kitabu cha simu cha zamani. Nataka picha.